Panga la Wanja: Dhidi ya Usomaji wa Haraka wa Petals of Blood

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki dunia mwezi Mei 2025, uhakiki wa kazi zake umekaribia kugeuka tanzia. Jambo hilo ni la kibinadamu wala halishangazi. Hata hivyo, tanzia ina kanuni zake na uhakiki una zake, na riwaya inayodhurika zaidi na mchanganyiko huo ni Petals of Blood. Riwaya hii, iliyochapishwa mwaka 1977 na kuzinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha, aghalabu husifiwa kwa itikadi yake na kusamehewa umbo lake. Wanaoisifu hukiri kwa sauti ya chini kwamba inajikokota. Wasioipenda husema hayo hayo kwa sauti ya juu. Kambi zote mbili zinakutana katika kosa moja, nalo ni kuyachukulia mauaji yanayoifungua riwaya kuwa chambo tu, yaani kitu cha kumnasa msomaji ili baadaye ahubiriwe.

Makala haya yanaupinga msimamo huo. Petals of Blood ni riwaya ya upelelezi, na inastahili kupimwa kwa mizani ya upelelezi. Ikipimwa hivyo, mwendo wake wa aste aste unaolaumiwa mno utadhihirika kuwa ndio nguvu yake kubwa, nao udhaifu wake halisi utaonekana mahali ambapo wahakiki hawajazoea kupatazama.

Riwaya inaanza kwa kukamatwa kwa watu. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe cha Theng'eta, yaani Chui, Mzigo na Kimeria, wamefia katika moto uliokiteketeza nyumba ya Wanja mjini Ilmorog. Munira, Karega na Abdulla wanachukuliwa na polisi. Wanja mwenyewe yuko hospitalini. Inspekta Godfrey anampa Munira karatasi aandike anayoyajua. Kuanzia hapo msomaji anarudishwa nyuma miaka 12, hadi siku mwalimu huyo alipofika Ilmorog kwa baiskeli, na mauaji yanaonekana kusahauliwa kwa mamia ya kurasa. Kuna ukame, kuna safari ya wanakijiji kwenda mjini kumwona mbunge wao, kuna kilimo, mavuno na unywaji wa theng'eta. Hapo ndipo msomaji mwenye pupa huanza kuruka kurasa, na hapo ndipo anapopotezwa.

Kurasa anazoziruka ndizo jalada la kesi. Maiti mmojawapo, Mzigo, ameonekana mapema sana: ndiye afisa wa elimu wa Ruwa-ini ambaye kila akionana na Munira huuliza kama barabara ya Ilmorog imekuwa nzuri kiasi cha kupitisha gari lake. Swali hilo linachekesha linapotokea mara ya kwanza. Barabara kuu inapojengwa hatimaye, na Mzigo akafika kama mwekezaji, kicheko hicho kinamrudi msomaji. Maiti wa pili na wa tatu wanapatikana katika ile safari ya mjini inayodaiwa kuwa ndefu kupita kiasi. Joseph anapougua njiani, wasafiri wanabisha hodi katika nyumba za matajiri: katika moja wanaombewa dua bila kupewa chakula, katika nyingine, ya Chui, wanakuta karamu ya wakubwa, na katika ya tatu wanazuiliwa na Kimeria, naye Wanja analazimishwa kulipa fidia ya kuachiliwa kwao kwa mwili wake. Msomaji aliyeipita safari hiyo mbiombio hana haki ya kuuliza, kurasa za mwisho, ni nani aliyekuwa na sababu ya kuua.

Huu ndio ustadi wa riwaya, na haujapewa heshima yake. Katika riwaya ya upelelezi ya kawaida, vidokezo ni vitu: kisu, barua, alama ya kiatu. Hapa vidokezo ni miaka. Ili kueleza kwa nini watu watatu wameungua, lazima ielezwe jinsi kijiji kilivyogeuka mji, na hakuna njia ya mkato ya kulieleza hilo. Anayetaka kasi anaweza kuipata kwingine, na bila kuona haya. Faraji Katalambulla aliionyesha katika Simu ya Kifo mwaka 1965, na kazi hiyo ina utamu wake. Hata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mtu wa kiko na subira, hakupewa muongo mzima wa kuchunguza. Lakini Bwana Msa hufumbua fumbo likafumbuka, na mwisho wa kitabu hakuna kilichosalia gizani. Ngũgĩ anafanya jambo gumu zaidi.

Godfrey anafaulu. Hilo mara nyingi husahaulika. Si mjinga wala mlevi, kama polisi wengi wa bunilizi zetu walivyo. Ni mtaalamu anayependa kazi yake, na anampata aliyewasha moto. Ni Munira, mchaji Mungu mpya, aliyemwaga petroli ili amwokoe Karega kutoka kwa mwanamke aliyemwona kuwa shetani. Anakiri. Jalada linafungwa. Hata hivyo msomaji anaarifiwa jambo ambalo Godfrey halijui: Kimeria hakuuawa na moto. Wanja alikwisha kumpiga kwa panga kabla ya petroli kuwashwa. Abdulla naye alikwenda pale na nia yake mwenyewe ya kumuua Kimeria, akaikuta nyumba inawaka na badala yake akamwokoa Wanja. Kwa hiyo kati ya watuhumiwa wanne, mmoja amechoma, mmoja amekata na mmoja alikuja kuua. Wa nne, Karega, hakufanya lolote usiku ule. Na ndiye ambaye, hata baada ya kuthibitika hana hatia ya mauaji, anabakizwa kizuizini kwa kudhaniwa kuwa mkomunisti. Sheria imepata jibu sahihi na ikamfungia mtu asiyehusika. Hakuna hotuba katika riwaya nzima inayosema jambo hilo kwa ukali kama msuko wenyewe unavyolisema.

Basi udhaifu uko wapi? Jibu la mazoea ni hotuba. Ni kweli zipo, ni nyingi, na Karega anapolihutubia darasa au mwanasheria anapowahutubia wageni wake, mhusika huyeyuka ikabaki sauti tu. Hoja hiyo imesemwa vya kutosha tangu 1977 na haihitaji kurudiwa hapa.

Udhaifu ulio mzito zaidi ni wa mtazamo wa usimulizi. Munira ndiye mwandishi wa taarifa ambayo riwaya inadai kujengwa juu yake. Munira ndiye pia muuaji. Bila shaka hakuna nafasi bora zaidi inayoweza kumwangukia mtunzi wa riwaya ya fumbo: mhalifu anakaa seli, anaandika kurasa kwa kurasa za historia ya kijiji kizima, anasimulia mapenzi, wivu na ukame, na kwa wingi huo wa maneno anakificha kitendo kimoja. Kila sentensi yake ingekuwa ushahidi na kificho kwa wakati mmoja. Lakini Ngũgĩ anampokonya kalamu. Mara anasimulia Munira, mara inazungumza sauti ya pamoja ya wanakijiji, mara msimulizi maizi anaingia katika nafsi ya Wanja au Abdulla na kuyajua ambayo Munira asingeweza kuyajua. Sauti ya wanakijiji ina uzuri wake, na baadhi ya watetezi wa riwaya wangeweza kudai kwamba inaakisi jadi ya utambaji. Iwe hivyo. Swali la mpelelezi linabaki palepale: ni nini hasa kilichoandikwa kwenye zile karatasi? Godfrey anasoma nini? Maadamu riwaya haiweki mpaka kati ya taarifa ya Munira na simulizi ya kitabu, msomaji hawezi kushindana na inspekta, kwa sababu hajui inspekta ana nini mkononi.

Kosa la pili ni sadfa. Kimeria amemharibu Wanja alipokuwa msichana wa shule. Kimeria huyo huyo alimsaliti Ndinguri, rafiki wa Abdulla na kaka ya Karega. Ni yeye tena anayewazuia wasafiri, na ni yeye anayerudi kama mwekezaji. Mtetezi atasema kwamba Kimeria ni kiwakilishi cha tabaka, kwa hiyo hana budi kuwa kila mahali. Utetezi huo unaikubali shutuma badala ya kuijibu. Tabaka huwa na watu wengi. Riwaya iliyotaka kutuonyesha mfumo imetupa adui mmoja anayemdai kila mtu, na kwa kufanya hivyo imelipa panga la Wanja uhalali wa kisasi cha binafsi, kile hasa ambacho Karega anakikana.

Na panga lenyewe limepewa mistari mingapi? Michache, karibu na mwisho, kwa pupa ya mtu anayemalizia hesabu. Mtunzi aliyemfanya msomaji aungojee ukame upite, na ule unyweshaji wa theng'eta ufike kilele chake taratibu, hakuona sababu ya kumngojesha mbele ya mlango wa Wanja usiku ule, Kimeria akiwa ameingia na moto bado haujawashwa.