Tuje Kabla ya Turubai

Sisi wakazi wa Dar es Salaam, tunaoishi nyuma ya mageti na kuta zilizopandwa vipande vya chupa, tumeamua kuanzisha harakati. Hii ndiyo ilani yake.

Mtu akifa mtaani, tunajua la kufanya. Jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa, kundi la WhatsApp la msiba limefunguliwa na mweka hazina kateuliwa. Masufuria yanatoka kila nyumba. Anakuja hata jirani ambaye mwaka mzima hakumjulia hali marehemu. Huo ni utu, na usipotee. Tunachouliza ni kwa nini nguvu yote hiyo inamsubiri mtu afe.

Upweke unaua. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya Juni 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Moyo, kiharusi, kisukari, sonona, kupoteza kumbukumbu uzeeni: humo mote upweke umo. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia jambo hili 2018, Japani ikafuata 2021. Sisi bado tunaambiana kwamba Mwafrika hawezi kuwa mpweke.

Mtazame basi bibi wa ghorofa ya tatu, mwenye presha na kisukari. Mwanawe yuko Doha, na kila mwisho wa mwezi pesa inaingia kwenye simu bila kukosa. Dawa zimekwisha tangu Jumanne, lifti mbovu, na anaona haya kumtuma mtoto wa watu. Kumpikia mtu mmoja kunachosha, kwa hiyo ni chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Masikio yamepungua, ameacha kwenda kwenye shughuli kwa kuchoka kuuliza "umesemaje?" Kidonda cha unyayoni hakuna wa kukiona. Siku akifikishwa hospitali, kwenye cheti kitaandikwa kisukari.

Wanaume wastaafu nao tunawataja waziwazi. Mwanamke ana kikoba chake, upatu wake, sare za shughuli. Mwanaume anakabidhi funguo za ofisi na marafiki wote wanabaki hukohuko. Yeye anarudi kukaa sebuleni na rimoti. Kwa mtu huyo kijiwe cha kahawa na bao ni afya, hata kama wake zetu wana maoni mengine.

Dawa yenyewe haihitaji mashine. Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha akina bibi wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo ya benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi benchi tulikuwa nayo zamani, tukiiita baraza, na tunaibomoa tupate pa kuegesha gari.

Kwa hiyo tunadai. Manispaa isipitishe ramani ya jengo la ghorofa lisilo na mahali pa kukaa penye kivuli. Muuguzi anayepima presha aulize pia: mara ya mwisho umekula na nani? Mjumbe wa shina, ambaye anajua kila aliyehamia na kila anayedaiwa, ajue pia nani anaishi peke yake, na nani hajaonekana dukani siku tatu.

Wapo wanaopenda kukaa peke yao, na wana raha zao. Hao tutawapigia hodi mara tatu, kisha tutaondoka. Hatutaingia nyumbani kwa mtu na kamera, wala na bango la kupigia picha.

Kadi hatuna, sare hatuna, michango hatukusanyi. Anayejiunga anataja mtu mmoja wa mtaani kwake na siku ya wiki atakayokwenda kumwona. Siku hiyo haiahirishwi, hata Simba na Yanga wakicheza. Anayetaka kuutazama mchezo akautazame hukohuko kwa mwenyeji wake.