Haki ya Aliye Mbele Yako



Mwezi huu tumeletewa barua ndefu kutoka Brescia, mji wa kaskazini ya Italia, na aliyeiandika ni kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mtoto mdogo. Sasa ni mtu mzima, afanya kazi katika kiwanda huko. Jina lake hatulitaji, naye ametupa ruhusa ya kuieleza khabari yake ili wenzake walioko ng'ambo wapate faida. Barua ina kurasa nne. Kurasa tatu u nusu zote ni maswali ya udhu na Sala juu ya theluji. Na katika ile nusu iliyobaki, kwa herufi ndogo zilizobanana, ametaja jambo lililomtokea mlimani saa tisa mchana. Sisi katika kusomesha kwetu miaka mingi tumeona kuwa mtoto mwenye jambo zito moyoni huanza kwa kuuliza lililo jepesi. Basi tutayajibu yote, walakini yale ya kwanza hatutayarefusha.

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, baada ya kusali Alfajiri, alitoka kwa gari na wenzake watatu wa kiwandani, wawili Wamoroko na mmoja Mtaliana. Wakapanda na bonde la Val Camonica mpaka Passo Tonale, njia ya mlimani iliyo mita 1,883 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Hapo ndipo yanapopakana majimbo ya Lombardia na Trentino. Katika vita vya mwaka 1915 mpaka 1918 majeshi ya Italia na ya Austria yalipigana juu ya barafu ya milima hiyo, na mpaka leo pana jengo la ukumbusho yalimowekwa mabaki ya askari. Leo watu wapanda huko kwa kucheza.

Mchezo wenyewe una namna mbili. Wa kwanza, nao ndio wa zamani, mtu hufunga mbao mbili nyembamba na ndefu, kila mguu na wake, akashika na fimbo mbili mikononi, akateremka juu ya theluji uso ukitazama mbele. Wa pili miguu yote miwili hufungwa juu ya ubao mmoja mpana, na mchezaji husimama ubavu kama aliyesimama juu ya ngalawa, bila ya fimbo. Kijana wetu alikodi ubao mmoja, kwa sababu ndio wapendwao na vijana, naye alikuwa amekwisha kujifunza majira mawili ya baridi. Kupanda hawapandi kwa miguu. Huchukuliwa na vibanda vinavyoning'inia katika kamba nene ya chuma, na kituo kimoja, kilicho zaidi ya mita 2,500, chaitwa Paradiso, yaani Pepo. (Watu wepesi wa kutoa majina!) Kutoka hapo chombo chengine chawapeleka kwenye barafu ya Presena, kiasi cha mita 3,000. Barafu hiyo yapungua kwa joto la dunia lililozidi, hata tangu mwaka 2008 wenyeji huifunika kwa vitambaa vyeupe wakati wa kaskazi yao ili isiyeyuke upesi.

Ametuuliza kwanza kama mchezo huu wafaa. Wafaa. Dini yetu haikukataza mazoezi ya mwili, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Lililo haramu ni kupoteza Sala, kufunua tupu na kujitia katika maangamizo. Ama kufunua, hapo hapana neno: mahali pale kwa baridi yake wanaume na wanawake wote wamejifunika kuanzia kichwani mpaka nyayoni, aonekana mtu pua tu. Ama chakula, vibanda vya mlimani vyauza mvinyo na nyama ya nguruwe, na kijana wetu alikula polenta kwa jibini. Mama wa nyumbani wasishangae jina, kwani polenta ni ugali wa mahindi.

Ama udhu. Wenzake Wamoroko walitayamamu kwa theluji, yeye akawakataza, wakabishana mpaka chakula kikapoa. Twamwambia: wale wafuata madhehebu ya Imamu Malik, na katika madhehebu hayo theluji yakubalika kwa kutayamamu kwa masharti yake. Sisi Mashafii twataka mchanga wenye vumbi, na theluji haina vumbi. Basi wao hawakukosa kwa madhehebu yao, wala yeye hakukosa kwa yake; kosa ni ugomvi. Na kwa nini kutayamamu, hali katika kibanda walimokula pana mfereji wa maji? Theluji ukiishika mkononi ikayeyuka, maji yake yakapita juu ya uso na mikono, udhu ni sahihi. Ukijisugua nayo na ingali kavu, hiyo haihesabiwi kuwa kuosha, ila kichwa, kwa kuwa kichwa ni cha kupakwa.

Ama viatu, vile vya ubao mmoja ni laini, vyafunika vifundo vya miguu, havipitishi maji na mtu hutembea navyo. Basi hukumu yake ni hukumu ya khuffu: akivivaa hali ana udhu kamili, aweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, na msafiri ana siku tatu na usiku wake. Vile vya mbao mbili ni vigumu kama ndoo, vyausukuma muundi mbele, na mwenye kuvivaa hupata taabu katika kusujudu. Huyo twaona ni bora avivue. Na kwa kuwa safari yao imefika masafa ya kupunguza Sala, wana ruhusa ya kusali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili. Januari kule Alasiri huingia kiasi cha saa nane u nusu na jua huchwa kiasi cha saa kumi na moja, na mwenye kungoja mpaka vyombo vya kupandia vifungwe huenda akaipoteza. Wao walisali saa saba, Mungu awakubalie.

Sasa tuje katika ile nusu ya ukurasa.

Ameandika kuwa saa tisa, naye amechoka, aliteremka njia nyekundu. (Njia za huko hupambanuliwa kwa rangi: ya buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya kati na kati, nyeusi ni ya mafundi.) Mwenye ubao mmoja, kwa kuwa husimama ubavu, akipinda kwa upande wa visigino huwa ameupa mgongo upande mmoja wa mlima, haoni kilichoko huko. Alipinda hivyo kwa kasi, na chini yake alikuwako mzee mmoja mwenye mbao mbili akiteremka polepole kwa mizunguko mipana. Akampiga kwa nyuma. Mzee akaanguka, ubao mmoja ukamtoka ukaenda zake, naye akabaki chini ameshika bega, akisema maneno ambayo kijana hakuyafahamu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akasimama. Kijana wetu akainuka, akamtazama mzee, akamtazama yule mwanamke, kisha akageuza ubao wake akateremka. Alikaa ndani ya gari mpaka wenzake walipokuja, wala hakuwaambia neno mpaka walipokuwa njiani usiku. Mmoja akamwambia, "Usijitie katika mashaka, kibali chako cha kukaa kimo katika kufanywa upya." Mwengine akamwambia, "Yule si ndugu yako katika dini." Na mwisho wa barua ameuliza: "Maalim, nimesali rakaa mbili za toba. Je, yatosha?"

Haitoshi, mwanangu.

Kumpiga kwako kulikuwa kwa makosa, hukukusudia, na dhambi ya kukusudia huna. Walakini wanavyuoni wetu wamekubaliana kuwa kukosea kwaondoa dhambi na hakuondoi dhamana. Mwenye kuvunja chombo cha mtu kwa kujikwaa hulipa chombo, sembuse bega la mwanadamu? Na kukimbia hakukuwa kwa makosa. Kule ulikusudia. Toba ya haki za Mwenyezi Mungu ni baina yako na Yeye, ama haki ya kiumbe haiondoki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Tulipokufundisha dua ya kufungulia Sala, ile ambayo ndani yake twamwomba Mola atuoshe makosa yetu kwa maji na theluji na mvua ya mawe, ulituuliza theluji ni nini, na sisi hatujapata kuiona kwa macho yetu mpaka leo. Wewe umeishika kwa mikono yako. Basi jua kuwa hata hiyo haikuombwa iondoe deni la mtu.

Nalo neno la yule mwenzako, kwamba mzee si ndugu katika dini, ni neno baya. Umeingia nchi yao kwa ruhusa yao, na hiyo ni amani baina yako na wao. Na katika madhehebu yetu Mwislamu aliyeingia nchi ya watu kwa amani, damu zao na mali zao ni haramu kwake. Hukuambiwa uulize dini ya mtu kabla ya kumwinua.

Tulitaka kujua watu wa mchezo wenyewe wasemaje, tukamwomba kijana mwengine atusomee. Shirikisho la dunia la mchezo huu, FIS, limeweka kanuni 10, na tulipozisikia tulistaajabu kwa namna zinavyokaribiana na adabu ya njia tunayowasomesha watoto. Aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomdhuru aliye mbele. Mwenye kumpita mwenziwe amwachie nafasi ya kutosha hata kwa kuyumba asikokukusudia. Ikitokea ajali, kila mtu alazimika kusaidia. Na kila aliyehusika, pamoja na aliyeona tu, alazimika kutoa jina lake. Sababu yake yafahamika: aliye chini hana macho kisogoni, na aliye juu ndiye aonaye na ndiye mwenye kasi. Basi uzito umetiwa juu ya mwenye uwezo. Na sheria ya Italia yahesabu kuwa ni kosa kumwacha aliyeumia bila ya kumsaidia. Na tangu mwaka 2022 kila mtu ateremkaye katika njia hizo sharti awe na bima ya kulipia madhara atakayomtia mwenziwe. Kijana asema aliinunua asubuhi ile ile pamoja na tikiti, kwa euro chache. (Maneno ya wanavyuoni juu ya bima ni marefu, na leo si mahali pake.) Basi fedha alizozikimbia hazikuwa hata za mfukoni mwake!

Wala tusidhaniwe kuwa twamsema kijana huyu kwa ukali hali sisi tumesalimika. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na saba tuliteremka kwa baiskeli isiyo breki, tukamgonga bibi mmoja aliyechukua sinia ya vitumbua. Tuliisikia sinia ikilia juu ya mawe, na hatukugeuka. Muda mrefu tukawa twazunguka kwa njia nyengine ili tusipite mlangoni pake. Siku tulipopata moyo wa kwenda tukaambiwa amehama, na jirani zake hawakujua alikokwenda. Vitumbua vile ni thamani ya shilingi chache, na mpaka hivi leo hatujavilipa, na kama aliumia hatujui.

Kwa hivyo twamwambia afanye haraka. Kwanza amtafute mtu ajuaye sheria ya kule, kwani woga wake juu ya kibali si woga wa bure, na vyama vya wafanya kazi vya Italia vina afisi ziwasaidiazo wageni katika mambo kama hayo. Asiende peke yake. Kisha arudi Tonale, aende katika afisi ya wenye vyombo vya kupandia, ataje siku, saa na njia. Mlimani wako walinzi na watu wa uokozi, na mzee aliyeshika bega hakosi kuwa alichukuliwa na mmoja wao, na palipochukuliwa mtu huandikwa. Aipe khabari na bima yake. Akimpata mzee, aende mwenyewe, asipeleke simu wala barua, amwombe radhi kwa ulimi wa Kitaliana hata kama ni wa kuvunjika. Akimpiga kelele, astahimili. Asipompata baada ya kujitahidi kweli kweli, atoe kiasi cha gharama za matibabu ya bega katika jambo la kuwafaa watu, kwa nia ya haki ya yule mzee, na abaki tayari kulipa siku yoyote atakapojitokeza.

Na kuteremka mlima tena hatumkatazi. Ila asiteremke naye amechoka, na kabla ya kupinda kwa upande asiouona ageuze kichwa kwanza.

Haya yote tumemwandikia pia katika barua yake mbali, tukamtaka atujulishe alilolifanya. Mpaka tunaupeleka ukurasa huu kwa mpiga chapa, jawabu yake haijafika.