Pete Ngumu Haimfai Fundi

Anayefanya kazi ya mikono, awe mwashi, makanika, fundi bomba au mpakiaji wa mizigo, huambiwa na ndugu na wauza vito kwamba pete yake ya ndoa lazima iwe ngumu. Dhahabu ni laini, anaambiwa, itakwaruzika na kupinda kabla mwaka haujaisha. Bora achukue tungsteni, titani au chuma kisichoshika kutu, aivae siku ya harusi na asiivue tena mpaka kufa. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuhoji. Nao ni ushauri mbaya. Unapima uimara kwa mkwaruzo, jambo dogo kuliko yote yanayoipata pete kazini, na unahatarisha kidole cha mtu ambaye riziki yake imo vidoleni.

Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupanga vitu kwa kuangalia kipi kinakikwaruza kingine kuanzia 1 hadi 10, dhahabu safi iko kati ya 2.5 na 3, titani karibu 6, chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga wa ujenzi 7, kabidi ya tungsteni karibu 9 na almasi 10. Hapo tungsteni inashinda bila ubishi, kwa kuwa mchanga hauiachi alama. Lakini mkwaruzo hauui pete. Pete ya dhahabu yenye michirizi hupelekwa kwa sonara, ikapigwa msasa laini na kung'arishwa, ikarudi kidoleni siku hiyohiyo. Kinachomaliza pete ya fundi ni kupasuka, kumbana, kupotea, au kukatwa hospitalini, na katika hayo ugumu ama hausaidii ama unadhuru.

Kinachouzwa madukani kwa jina la tungsteni ni kabidi: unga wa tungsteni na kaboni ulioshikamanishwa kwa kobalti au nikeli kwenye joto kali. Ndicho kitu kinachowekwa kwenye ncha ya drili ya kutobolea zege na kwenye visu vya mashine ya kukereza vyuma. Mwashi aliyetumia drili hiyo anajua kwamba ncha yake huweza kufanya kazi miezi bila kulika, kisha siku moja ikagonga nondo iliyojificha ndani ya zege na kumeguka. Pete ya kabidi ina tabia hiyohiyo. Haipindi, na kwa sababu haipindi, ikianguka vibaya kwenye sakafu ya saruji hupasuka vipande. Hakuna sonara wa kuviunga, maana kabidi haiyeyuki kwenye moto wake.

Kubwa zaidi, pete hiyo haiongezwi wala haipunguzwi. Mikono ya kazi hubadilika. Vifundo vya vidole hunenepa kwa miaka ya kushika nyundo na sururu, joto la mchana huvijaza vidole, na kidole kilichowahi kupondwa aghalabu hakirudi kwenye kipimo chake cha zamani. Aliyepimwa pete akiwa kijana wa miaka 25 asishangae ikigoma kupita kifundoni akiwa na 45. Ya dhahabu hukatwa, ikaongezwa kipande cha karati ileile, ikaungwa kwa lehemu ya dhahabu na kulainishwa hadi kiungo kisionekane. Ya tungsteni hutupwa, ikanunuliwa nyingine. Kitu kinachotupwa mara mwili wa mwenyewe unapobadilika hakistahili kuitwa cha kudumu.

Titani na chuma kisichoshika kutu zina nafuu: hazipasuki, hazishiki kutu, na titani ni nyepesi sana. Hata hivyo titani ikipata moto mkali hunyonya oksijeni ya hewani na kuwa kavu, kwa hiyo sonara wa kawaida hawezi kuikata na kuiunga kama anavyofanya kwa dhahabu au fedha. Bei yake ndogo ni sababu halali ya kuichagua. Ugumu si sababu.

Siku ya ajali ndiyo inayofichua udhaifu wa ushauri huu. Kidole kikivimba chini ya pete, damu hushindwa kurudi, uvimbe huongezeka, na pete huzidi kubana. Kwanza hujaribiwa sabuni na maji baridi. Ikishindikana hutumika uzi: ncha moja hupitishwa chini ya pete kuelekea kiganjani, uzi uliobaki ukazungushwa kwa kubana, mzingo kwa mzingo, kutoka kwenye pete hadi kupita kifundo, kisha ile ncha ya kiganjani huvutwa na kufunguliwa taratibu, na pete hupanda juu ya uzi mpaka ikatoka. Uzi nao ukishindwa, pete hukatwa. Kikata pete cha hospitali ni kifaa kidogo chenye ulimi mwembamba unaoingizwa kati ya pete na ngozi, na kijisumeno cha duara kinachozungushwa kwa mkono. Dhahabu na fedha hukubali mara moja. Titani hukatika kwa shida. Kabidi haikatiki kabisa; hupasuliwa kwa kubanwa kidogokidogo na plaiza ya kujifunga. Wauzaji hutaja njia hiyo kuthibitisha kwamba pete zao ni salama, na kweli inafanya kazi. Lakini inamtaka mgonjwa aangukie kwa mhudumu anayejua pete hiyo ni ya nini na mwenye plaiza ya aina hiyo karibu. Kukata dhahabu kunaweza kufanywa na sonara yeyote wa mjini, hata kama zahanati haina kifaa.

Basi dhahabu ipi? Hapa kuna imani nyingine potofu, kwamba karati kubwa ndiyo bora kwa kila kazi. Dhahabu ya karati 22 ina asilimia 91.6 ya dhahabu halisi na ya 21 ina 87.5, hizo ni nzuri kwa akiba na kwa mapambo ya sherehe, ila ni laini mno kwa mkono unaoshika koleo. Karati 18, yenye asilimia 75, na karati 14, yenye takriban 58.5, zimechanganywa na shaba na fedha za kutosha kuipa pete nguvu bila kumnyima sonara uwezo wa kuifanyia kazi. Pete ya fundi iwe tupu, isiyo na jiwe, yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, kingo zake zimeviringwa. Upana wa milimita 4 unatosha. Pana zaidi hunasa jasho na huvuliwa kwa taabu. Tanzanite, ambayo tangu 1967 imekuwa fahari ya Mererani, ina ugumu wa kati ya 6 na 7 na hupasuka ikigongwa. Ni jiwe la kuvaliwa shingoni au masikioni. Na dhahabu ya kuchovya isinunuliwe kabisa kwa mkono wa kazi. Mpini wa jembe utaifuta.

Hata karati ya kufaa ina maadui wake. Klorini iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo, ile inayojulikana kama jiki, huweza kuleta nyufa kwenye dhahabu iliyochanganywa, hasa dhahabu nyeupe yenye nikeli. Dobi na mfanya usafi wasiiache pete majini. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya au Migori hatari iko wazi zaidi. Zebaki wanayotumia kukamata dhahabu kwenye mchanga haichagui: ikiigusa pete, huigeuza nyeupe na kuidhoofisha.

Imani ya hatari kuliko zote ni kwamba pete ya ndoa haivuliwi. Tarehe 5 Desemba 2004, Paulo Diogo, mchezaji wa Servette ya Uswisi aliyekuwa ameoa muda si mrefu, alipanda uzio wa uwanja wa Schaffhausen kushangilia bao. Aliporuka chini, pete ya ndoa ilinasa kwenye uzio na sehemu ya juu ya kidole chake ikabaki huko. Madaktari hawakuweza kuirudisha. Kinachotokea hapo ni uzito wa mwili mzima kuning'inia kwenye pete, nayo ikachuna ngozi, mishipa ya damu na neva kutoka kwenye mfupa. Utingo anayeruka kutoka kwenye bodi ya Fuso hufanya mruko huohuo mara nyingi kwa siku, na ndoano, kitasa na misumari ya bodi zinamngoja. Hakuna madini yanayokiokoa kidole katika hali hiyo. Kinachokiokoa ni kutokuwapo kwa pete.

Kwa makanika hatari ni umeme. Betri ya gari ya volti 12 haimrushi mtu, kwa hiyo hudharauliwa, ilhali ndiyo inayotoa mamia ya ampea za kuwashia injini. Spana ikigusa ncha chanya huku pete ikiwa imeegemea spana na bodi ya gari, umeme wote hupita ndani ya pete na kuipasha moto papo hapo hadi kuunguza nyama pande zote za kidole. Mwashi naye hunasa saruji mbichi chini ya pete, na saruji hiyo ina ukali wa alkali unaochoma ngozi polepole mpaka kidonda kinafunguka bila yeye kujua.

Wanaokataza kuvua pete husema anayeivua anaficha ndoa yake. Tuhuma hiyo ni ya kikatili kwa mtu anayelinda mkono unaolisha nyumba. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili hao. Pete hubarikiwa kama ishara. Katika Uislamu pete haimo kabisa katika nguzo za nikaha, na mwanamume amekatazwa dhahabu, akaruhusiwa fedha. Si kanisani wala msikitini panapomtaka fundi aingie na pete kwenye mashine ya kukereza. Wanandoa walikubaliane hili mapema: pete ivuliwe nyumbani kabla ya kazi na kuwekwa mahali pamoja panapojulikana na wote wawili, kwa sababu ikivuliwa gerejini hupotea. Mkufu nao hunasa kwenye mashine, usitumiwe badala yake. Anayetaka alama kidoleni wakati wa kazi avae pete ya silikoni, ambayo haipitishi umeme na hukatika ikivutwa kwa nguvu. Akiwa karibu na mashine inayozunguka, hata hiyo aivue.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amwulize muuzaji: siku kidole kikivimba, pete hii itatolewa na nani, na kwa kifaa gani? Muuzaji asiye na jibu asipewe fedha.