Anayewauguza Wazee Wetu Ajulikane

LIMEKUWA jambo la kawaida siku hizi mwananchi kufungua simu yake na kukuta, baina ya tangazo la kiwanja na tangazo la samaki, tangazo jingine lisemalo kuwa yupo mtu aliye tayari kumwangalia mgonjwa au mzee nyumbani, mchana au usiku, kwa malipo ya makubaliano. Picha ipo, nambari ya simu ipo, na sifa pia zipo: mwaminifu, mstahamilivu, mzoefu. Kisichokuwepo ni jina la mtu atakayejibu siku mzee atakapokutwa ameanguka.

Sisi hatuandiki kuyapiga vita matangazo hayo. Haja iliyoyaleta ni ya kweli, na haja ya kweli haifukuzwi kwa maneno. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa sisi wa visiwa hivi tumekaribia watu 1,900,000. Vijana wetu wengi wako Dar es Salaam, Muscat na London, na mama zao wamebaki Ng'ambo, Wete na Makunduchi. Mtoto aliye mbali hawezi kumgeuza mama yake kitandani. Anachoweza ni kutuma fedha na kutafuta kwa simu mtu wa kumgeuza.

Huko Uingereza, ambako baadhi ya ndugu zetu wenyewe wanakula jasho lao kwa kazi hii ya kuuguza wazee wa watu, huduma za namna hiyo zimekwisha shika mizizi. Familia huingia katika mtandao, huandika mtaa inaokaa na maradhi ya mzee wake, kisha huletewa majina ya waangalizi waliojiajiri, pamoja na bei ya kila mmoja kwa saa. Wenye mtandao huchukua ada yao, na makubaliano ya kazi huachiwa familia na mwangalizi. Yapo mema katika utaratibu huo. Mzee hupata kuchagua, na mwangalizi hujipangia bei yake. Walakin lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Katika England, chombo cha Serikali kinachosimamia huduma za uangalizi hukagua mashirika yanayotoa huduma yenyewe. Anayekutanisha tu watu wawili kisha akajitoa, kwa kawaida hayumo katika usimamizi huo. Ikiwa nchi yenye ofisi na sheria nyingi kiasi hicho imeacha pengo kama hilo, sisi tunaoanza leo hatuna udhuru wa kuliiga.

Hapana budi kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kumwangalia mzee ni kukaa naye, kumpikia uji na kumfukuzia nzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya mgongoni, nyongani na visiginoni hufa na kuwa vidonda vinavyofika mfupani. Aliyepatwa na kiharusi hulishwa akiwa ameketi wima, tonge ndogo ndogo, kwa kuwa chakula kinaweza kupita njia ya pumzi. Mwenye kisukari hachomwi sindano ya insulini kisha akaachwa bila ya kula. Na kumnyanyua mtu mzima kitandani bila ya ujuzi ni kumtegua yeye bega na kujivunja mgongo mwenyewe. Basi mwangalizi si mtumishi wa ndani aliyeongezewa kazi, wala si muuguzi wa hospitali. Ni mtu wa kazi yake maalumu, na kazi maalumu hutaka mafunzo.

Wapo watakaotukabili kwa hoja ya mila. Watasema kwamba kumlipa mgeni amwoshe mama yako ni fedheha, na kwamba tangu chuoni tulifunzwa kuwainamishia wazazi wetu bawa la unyenyekevu. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana na sisi tumelelewa katika chuo hicho hicho. Lakini tuulizane kwa haki: katika nyumba zetu, ni nani anayeamka saa nane za usiku? Aghalabu ni binti aliyeacha kazi au skuli, au mke wa mtoto, ambaye hakuzaliwa na bibi huyo. Wanaoisifu mila kwa sauti kubwa barazani si wao wanaofua mashuka alfajiri. Wema kwa wazazi ni wajibu wa watoto wote, wanaume kwa wanawake, na kumtafutia mzee msaidizi mwenye ujuzi hakuuvunji wajibu huo. Unaouvunja ni ule utaratibu wa kutuma fedha kila mwezi, ukaacha kuuliza fedha zile zinamfikia nani, na mzee analala vipi.

Tuje sasa kwenye neno linaloandikwa katika matangazo hayo, neno "amejiajiri". Ni neno zuri, na lina heshima yake. Fundi seremala wa Mji Mkongwe amejiajiri: ana randa na msumeno wake, ana bei yake, ana wateja wengi, na siku akitaka kufunga duka hufunga. Lakini tumtazame msichana aliyetoka shamba, anayelala juu ya mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa, anayepangiwa saa ya kuamka na saa ya kula, asiyeweza kwenda kumzika jamaa yake ila kwa ruhusa, na ambaye bei yake ameitaja dalali. Huyo naye amejiajiri? Sisi tunaona kwamba hapa neno limetumika kama pazia. Nyuma ya pazia hilo yupo mwajiri asiyetaka kuitwa mwajiri, na yupo dalali anayekula pande zote mbili, kwa familia na kwa msichana, kisha akajitoa kama unywele katika samli.

Dunia imekwisha lizungumza jambo hili. Shirika la Kazi Ulimwenguni, katika Pendekezo lake Namba 198 la mwaka 2006, lilisema kuwa uhusiano wa kazi utazamwe kwa mambo yanavyotendeka, si kwa jina lililoandikwa katika karatasi. Mwaka 2011 shirika hilo hilo likapitisha Mkataba Namba 189 juu ya wafanyakazi wa majumbani. Mwezi wa Februari 2021, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilihukumu kwamba madereva waliokuwa wakiitwa wamejiajiri chini ya mtandao wa Uber walikuwa ni wafanyakazi wenye haki za wafanyakazi. Na mwaka 2025 wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikutana Geneva kuujadili mkataba juu ya kazi zinazopatikana kwa njia ya mitandao. Hapa petu tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kipimo basi si kigumu. Nani anapanga saa? Nani anakata bei? Nani anaweza kumwambia mwenzake, kuanzia kesho usije? Akiwa ni mmoja peke yake katika yote matatu, huyo ndiye mwajiri, apende asipende.

Kwa upande wa wazee, Serikali ya Mapinduzi haikuanza jana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichukua dhamana ya kuwatunza wazee wasiojiweza, na majina ya Sebleni, Welezo na Limbani yanajulikana na kila mmoja wetu. Mwezi wa Aprili 2016 ilianzishwa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, awe alifanya kazi ya mshahara au alilima muhogo maisha yake yote. Kiwango kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikapitishwa Sheria ya Mambo ya Wazee. Hatua hizo ni za kujivunia. Lakini zote zimemtazama mzee na nyumba yake kutokea mlangoni. Sasa ameingia mtu wa tatu chumbani, analipwa, na daftari lake halipo katika ofisi yoyote.

Tunaanza na ushauri kwa wananchi. Usimpokee mwangalizi kwa sifa zilizoandikwa katika simu. Sifa hizo anaweza kujiandikia mwenyewe. Onana naye uso kwa uso, nyumbani, mzee mwenyewe akiwepo, na maadamu akili yake ingali timamu, muulize mzee kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote. Mwili utakaoshikwa ni wake. Taka majina ya familia mbili alizozitumikia, uende au upige simu, na uulize swali moja tu la maana: mngemchukua tena? Mpeleke kwa sheha wa shehia yako ajulikane ametoka wapi na anakaa kwa nani. Siku za mwanzo awepo jamaa ndani ya nyumba, akitazama anavyomgeuza mgonjwa na anavyosema naye.

Kisha andikeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na amana ya mtu mzima ni kubwa kuliko mali. Iandikwe kazi ni ipi na isiyokuwa kazi yake ni ipi, saa ngapi, ujira kiasi gani na unalipwa tarehe gani, siku gani ya kupumzika, na nani apigiwe simu usiku likitokea la kutokea. Liwepo daftari la kila siku karibu na kitanda: mgonjwa amekula nini, dawa gani amepewa saa ngapi, amegeuzwa mara ngapi. Pensheni ya mzee ipokewe mbele ya jamaa. Nambari ya siri ya fedha za simu asipewe mtu. Hati ya nyumba na dhahabu visiachwe sandukuni kumjaribu maskini. Na ujira ulipwe kwa wakati wake. Sote tulifunzwa habari za kibarua na jasho lake; kumcheleweshea ujira mtu anayeshika roho ya mzazi wako ni dhambi na ni upumbavu pia.

Na mwangalizi naye ana heshima yake na hatari zake. Msichana akiwekwa katika nyumba yenye wanaume, apewe chumba chenye komeo. Mwangalizi asifanywe mpishi, dobi na mlezi wa wajukuu kwa ujira ule ule. Yeye naye asimpige mgonjwa picha na kuitembeza katika makundi ya simu. Udhaifu wa mtu ni sitara yake, na hata sheria ya nchi ya mwaka 2022 juu ya taarifa binafsi imekwisha tambua kwamba habari za mtu si mali ya kila mwenye simu.

Kwa wenzetu wa Serikali tuna maombi manne. La kwanza, lianzishwe daftari la waangalizi wa nyumbani, linalofunguliwa wilayani, lenye jina, mahali anapokaa na mafunzo aliyoyapata, ili familia iliyoko mbali iweze kuuliza na kujibiwa. La pili, yatolewe mafunzo mafupi ya vitendo kwa vijana wetu, wa kike na wa kiume, juu ya kumgeuza, kumlisha, kumnyanyua na kumpa dawa mgonjwa. La tatu, itungwe karatasi moja ya mkataba wa mfano, kwa Kiswahili chepesi, inayopatikana kwa kila sheha bila ya malipo. La nne, isemwe wazi kwamba kila anayechukua ada kwa kumpatia mtu mwangalizi, awe amekaa ofisini au ndani ya simu, ni wakala wa ajira, na awe na ruhusa, anuani na dhamana. Mwangalizi aliyejiajiri kwa kweli ahimizwe kuchangia kwa hiari katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ili naye asizeeke mikono mitupu baada ya kuwauguza wazee wa wengine.

Tunajua hofu iliyopo. Yapo maneno kwamba tukianza kuandikisha watu, kazi itakimbilia vichochoroni na bei itapanda. Hofu hiyo ina msingi ikiwa uandikishaji utafanywa kuwa mradi wa kukusanya ada na kumzungusha msichana maskini ofisi saba. Kwa hiyo tunasisitiza: daftari liwe la bure, lijazwe kwa siku moja, na mzigo wa leseni uwe kwa dalali, si kwa mfanyakazi.

Na Chama nacho hakina budi kujisahihisha. Katika mikutano yetu wazee hukaa viti vya mbele na kupigiwa makofi, lakini wale wasioweza tena kufika mkutanoni tumekuwa wepesi wa kuwasahau. Balozi wa nyumba kumi anajua kila mlango ambao nyuma yake amelala mgonjwa. Kazi yake isiwe kuvihesabu vichwa wakati wa uchaguzi tu. Apige hodi, atoe salamu, aulize yule anayemshika mgonjwa ni nani, na amtazame mzee usoni anapojibiwa.

Simu ni chombo kizuri cha kumtafutia mtu kazi na kumtafutia mzee msaidizi. Haiwezi, hata hivyo, kumdhamini mtu. Dhamana hutolewa na watu wanaojuana, na na dola inayosimamia watu wake. Tuiweke dhamana hiyo sasa, kabla ya jambo la aibu kutokea katika moja ya nyumba zetu na sote tukaanza kuulizana lile jina ambalo hakuna aliyeliandika.