Msimwambie "Shukuru Uko Japani", Muulizeni Hali



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu mlioko vyuoni, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo majumbani mwetu huonekana dogo, nalo ni hamu ya nyumbani inayompata kijana aliyekwenda kufundisha Kiingereza Japani. Rai yangu naitoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia. Kijana akisema "nimewakumbuka, na upweke umenichosha", hiyo haimaanishi kwamba imani yake imepungua wala kwamba amekosa shukrani. Na mara nyingi sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaomwongezea mzigo bila kujua.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Serikali ya Japani ilianzisha mwaka 1987 mpango unaoitwa JET, wa kuleta vijana wa kigeni wenye shahada wawe wasaidizi wa walimu wa lugha mashuleni. Mkataba ni wa mwaka mmoja, nao huweza kuongezwa hadi kufikia miaka mitano. Wengi wa wanaochukuliwa hutoka Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na nchi nyingine zinazotumia Kiingereza, Afrika Kusini ikiwemo. Wapo pia wanaoajiriwa na makampuni na shule binafsi za lugha. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la tano na la sita, na watoto wa darasa la tatu na la nne huanza kuzoeshwa lugha hiyo.

Wengi wetu tukisikia Japani tunafikiria Tokyo na taa zake. Lakini walimu wengi hupangiwa miji midogo na vijiji vyenye mashamba ya mpunga, na huenda mtu akawa mgeni pekee katika mtaa mzima. Asubuhi anafika shuleni, anavua viatu mlangoni na kuvaa vya ndani, anakaa katika chumba cha walimu ambako mazungumzo yote ni ya Kijapani. Mchana watoto hupakuliana chakula wenyewe na kula darasani, kisha hushika mifagio na vitambaa wakasafisha shule yao. (Hili nalo tungeliiga katika madrasa zetu!) Jioni wenzake humwambia "otsukaresama", neno ambalo kwa matumizi yake halina tofauti kubwa na "pole na kazi" yetu. Kisha anarudi chumbani kwake. Sisi hapa mtu akifika mlangoni hupiga hodi, na ndani wakaitika karibu. Wajapani nao wana maneno yao: anayerudi nyumbani husema "tadaima", na waliomo huitikia "okaeri". Mwalimu wetu anayeishi peke yake hana wa kumwitikia. Hapo ndipo hamu ya nyumbani inapoanzia.

Tena yako mambo ya mwili ambayo sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuyafikirii. Kwetu jua linachomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Tokyo mwezi Juni jua huchomoza kiasi cha saa kumi na nusu alfajiri, na mapema Desemba hutua kiasi cha saa kumi na nusu jioni. Ratiba yote ya swala na usingizi hubadilika. Wakati wa baridi anatoka kazini giza limeshaingia, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, kwa hiyo hujikunyata karibu na jiko la mafuta ya taa au la umeme. Chakula cha shule huenda kina nyama ya nguruwe au kiungo chenye pombe. Misikiti ipo, alhamdulillah. Wa kwanza ulijengwa Kobe mwaka 1935. Ule wa Tokyo ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa 1986, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000. Leo nchi nzima ina misikiti zaidi ya mia moja. Lakini kwa aliye kijijini huenda msikiti uko mbali kwa treni, na Ijumaa ni siku ya kazi.

Sasa wako wanaosema: "Huyu anadeka. Hapa vijana wenye shahada hawana kazi, yeye analipwa mshahara kisha analia!" Mimi nasema mambo haya mawili hayapingani. Mtu anaweza kumshukuru Mola wake kwa riziki na papo hapo moyo wake ukaumia. Hata Bilal (r.a.), alipohamia Madina na kushikwa na homa, alisikika akitamani mabonde ya Makka, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimuomba Allah aifanye Madina ipendwe nao kama Makka au zaidi. Nani kati yetu atadai kwamba imani yake inaishinda ya Bilal?

Wala tusidhani ni Wajapani wenye kasoro. Natsume Soseki, mwandishi mkubwa wa Japani ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya yen 1,000 iliyoanza kutolewa mwaka 1984, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka 1900 serikali yake ilimpeleka London kusoma. Huko alijifungia chumbani na vitabu, akadhoofika hadi watu wakadhani amerukwa na akili, na baadaye aliitaja miaka ile miwili kuwa ya dhiki kuliko yote maishani mwake. Alikijua Kiingereza vizuri, alilipiwa na serikali, na bado ugeni ulimwelemea. Basi ugeni ni mtihani kwa kila mwanadamu.

Nini la kufanya? Kwanza nazungumza na wazazi.

Moja: msimpigie kwa ajili ya shida tu. Ada, bati, mahari ya mdogo wake, kila simu ina ombi. Mshahara wa huko unatoka katika nchi yenye gharama zake: pango, bima, mchango wa pensheni, na kodi ya mkazi inayohesabiwa kwa kipato cha mwaka uliotangulia, hivyo mwaka wa pili makato huweza kuongezeka. Mpigieni siku nyingine mumpe habari tu: nani kahitimu juzuu, nani kazaa, mwembe umezaa namna gani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tusimfanyie hivyo mtoto wetu.

Mbili: angalieni saa. Japani iko mbele ya Kampala na Nairobi kwa saa sita. Mkimaliza Isha mkapiga saa mbili usiku, kwake ni saa nane usiku. Akitoka kazini saa kumi na moja jioni, hapa ni saa tano asubuhi. Chagueni siku moja ya juma na saa inayofaa pande zote mbili, muishike.

Tatu, na hili ni zito: semeni habari ya misiba kabla hajaondoka. Sisi huzika haraka, na safari kutoka Japani kwa kubadilisha ndege hula siku nzima au zaidi. Akifiwa, yumkini hatawahi mazishi. Mzazi amwambie mwanawe waziwazi: "Nikifa nawe uko mbali, niombee dua huko huko, radhi zangu unazo." Maneno haya yakisemwa mapema humwondolea mtoto majuto ya miaka mingi.

Nanyi vijana mna wajibu wenu. Jifunzeni Kijapani kabla ya kuondoka, kwa sababu asiyejua lugha ya mtaa atabaki kuzungumza na ukuta. Mwambieni mkuu wa shule siku za mwanzo kuhusu chakula na swala, kwa adabu, na mchukue chakula chenu kutoka nyumbani. Karamu za pombe za mwisho wa mwaka semeni hapana kwa maneno mazuri, lakini msijitenge na watu: nendeni kwenye siku ya michezo ya shule, shikeni ufagio pamoja na watoto, kunyweni chai na walimu. Wekeni akiba ya nauli ya kurudi isiyoguswa. Mwezi Oktoba 2007 kampuni kubwa ya shule za lugha iitwayo NOVA ilifilisika, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki wakidai mishahara. Mwenye nauli mfukoni angalau huwa na hiari.

Na lililo muhimu kwangu: msiseme uongo wa "huku mambo safi" kila simu. Anayeficha dhiki mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hupunguza simu, wa tatu hapokei kabisa, na anaporudi anakuta yeye na mama yake hawajuani. Hasara hiyo hakuna mshahara wa kuifidia.

Kwenda nendeni, ardhi ya Allah ni pana na elimu haina mipaka. Na mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto ughaibuni, Japani au kwingineko, wiki hii ampigie kwa saa inayofaa, amuulize hali yake, amsikilize, kisha akate simu bila kuomba kitu.

Wabillahi tawfiq.