MAWIMBI YA MVUTANO NA SHAHIDI WA PILI



Ndugu zangu wa Kibaha, Kisarawe na popote mlipo, zipo jumbe zinazosambazwa kwamba wanasayansi wamegundua mawimbi ya mvutano, na kwamba Qur'an ilishayataja. Vijana wa sekondari wanauliza: ni kweli? Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili, tafadhali usiisambaze.

Mwaka 1916 Einstein alieleza kuwa vitu vizito mno vikizungukana kwa kasi hutikisa anga lenyewe, kama jiwe litikisavyo maji ya bwawa. Miongoni mwa vitu hivyo ni mashimo meusi, ambayo hata mwanga hautoki ndani yake. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, iliwasaidia wataalamu kuanza kuyatambua.

Mwaka 1969 Joseph Weber wa Marekani alitangaza kuwa ameyanasa mawimbi hayo. Wenzake wakaunda vyombo vyao, wakasubiri, hawakuona kitu. Dai likakosa shahidi.

Baadaye ikajengwa LIGO hukohuko Marekani: vituo viwili, kila kimoja na mikono miwili ya kilomita 4, na kati yao kama kilomita 3,000. Kwa nini viwili? Kwa sababu chombo nyeti hivyo hutikiswa hata na lori. Fikiria kingewekwa pale Maili Moja! Lakini lori moja haliwezi kutikisa vituo viwili vilivyo mbali hivyo. Tarehe 14 Septemba 2015 vyote viwili vikanasa mtikisiko uleule, vikipishana chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ulitokana na mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Walikimbilia kutangaza? Hapana. Walikagua kwa karibu miezi 5, wakatangaza 11 Februari 2016.

Sasa tujitazame. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha habari, nasi tunabonyeza "tuma" kabla hatujamaliza kusoma! Wengine wanaitaja Suratut Tariq. Wafasiri wa zamani wameieleza kuwa ni nyota ing'aayo inayojitokeza usiku. Mawimbi yametoka wapi?

Utasema, "Ustadh, si tunawavuta watu kwenye dini?" Ndugu yangu, nadharia za wanadamu husahihishwa. Siku hiyo ikifika, kijana uliyemfundisha kuwa imani yake imesimama juu ya ule ujumbe atabaki na nini? Haki haihitaji kubebwa na habari isiyo na uhakika.

Mwache mwanao asome fizikia kwa bidii. Kutafakari mbingu na ardhi ni ibada, rejea Aal Imran aya ya 190 na 191. Na wewe, kabla hujasambaza jambo kwa jina la Allah, tafuta kwanza shahidi wa pili.

Wabillahi tawfiq.