MGONJWA WA KALYA ASIPIGWE DANADANA!

Kijana wa Mwanga, wa Ujiji, wa Katonga, tunakuuliza: shangazi yako wa Kalya akishuka Kibirizi na boti ya mbao, miguu imevimba kwa kisukari, barua ya rufaa mkononi, unampeleka wapi? Wewe ndiye utakayempakia bodaboda. Vigogo hawapo pale ufukweni.

Ngazi ya serikali tunaijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Maweni ya mkoa, halafu Bugando au Muhimbili. Ngazi hiyo inamfaa aliyevunjika mguu, maana anapanda mara moja, anafungwa plasta, anarudi kwake. Mwenye kisukari au presha anarudi kila mwezi maisha yake yote. Na Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ilipoacha safari mwishoni mwa miaka ya 2010, mlalahoi wa mwambao aliachiwa boti na upepo wa kusini.

Kuchagua hospitali kuna hesabu yake. Miaka ya 1970 Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyefundisha Marekani, alionyesha njia: pima kwanza kila jambo lina uzito gani kwako, kisha pima kila chaguo kwa jambo hilo. Wataalamu wanatumia kompyuta. Wewe chukua punje kumi za maharage (hayo Kigoma hatujapungukiwa).

Tuseme shangazi anaweka punje 4 kwa dawa kupatikana, 3 kwa safari na nauli, 2 kwa mahali pa kulala, 1 kwa daktari bingwa. Sasa toa alama, mwisho 5. Kituo cha jirani: dawa 2, safari 5, malazi 5, bingwa 2. Zidisha kwa punje, jumlisha: 35. Hospitali ya mjini: dawa 4, safari 2, malazi 2, bingwa 5. Jumla 31. Shangazi abaki kwao!

Lakini rafu ya kituo ikiwa tupu, dawa inakuwa 0, na kituo kinashuka hadi 27. Hapo ndipo shangazi anapanda boti. Umeona mchawi alipo? Mwenye funguo za stoo ya dawa ndiye anayemchagulia shangazi hospitali, naye hajawahi kulala kwenye boti hiyo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sawa. Kadi ya bima haivuki ziwa, wala haijazi rafu.

Tunachotaka ni kidogo. Kila Jumatatu zahanati na vituo vyote vya mwambao, toka Kagunga hadi Kalya, vibandike ukutani dawa zilizopo za kisukari na presha, na habari hiyo ipigwe simu Kibirizi kabla boti haijaondoka. Diwani wako akija kuomba kura, muulize karatasi hiyo iko ukuta gani. Akianza hadithi za mchakato, mwonyeshe maharage.